Maswali na majibu: Jumuiya ya Madola ina kazi gani siku hizi?

Kila wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, ule ushirika wa nchi ambazo nyingi zilitawaliwa na Mwingereza, wanapokutana, maswali ya wasomaji huja kwa wingi. Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa hasira, na mmoja aliniuliza kama nalipwa na Mwingereza. Sijalipwa. Nimechagua haya machache, na yale marefu nimeyafupisha.

Morogoro: Shikamoo mwandishi. Mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wa Jumuiya ya Madola, na Tanzania imo humo. Je, si kusema bado tuko chini yake?

Marahaba. Hapana, hatuko chini yake. Mfalme Charles III amevaa kofia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya ufalme: yeye ni mkuu wa nchi wa Uingereza na wa nchi nyingine 14, zikiwemo Kanada, Australia na Jamaika. Ya pili ni ya Jumuiya, nayo ni cheo cha heshima tu. Hatungi sheria, hateui waziri wa mtu yeyote, wala hana kura katika mkutano wa wakuu. Tanganyika ilikuwa na Malkia kama mkuu wa nchi kwa mwaka mmoja, toka Desemba 1961 mpaka ilipokuwa jamhuri Desemba 1962. Kenya nayo ilimaliza hilo Desemba 1964.

Mlango wa kuwa jamhuri na bado kubaki ndani ulifunguliwa na India. Kabla ya 1949, kuwa mwanachama kulimaanisha kumkubali mfalme. India ilitaka kuwa jamhuri na bado ibaki ndani, na Aprili mwaka huo wakakubaliana London kwamba mfalme atakuwa alama tu ya ushirika wa nchi huru. Bila makubaliano hayo sidhani kama Nyerere, Kenyatta au Obote wangekanyaga humo. Leo wanachama ni 56: jamhuri 36, nchi 15 zenye mfalme wa Uingereza, na tano zenye wafalme wao wenyewe, kama Lesotho na Malaysia.

Tena cheo hicho cha mkuu wa Jumuiya hakirithiwi. Aprili 2018 ilibidi viongozi wakae London wakubaliane kwamba Charles atamfuata mama yake. Wangeweza kuchagua utaratibu mwingine, kwa mfano wa kupokezana. Kwa maoni yangu waliichezea nafasi hiyo, maana malalamiko kama lako yangepungua nusu.

Eldoret: Mimi raia wa kawaida napata nini? Na kama sisi ni jumuiya moja, mbona nalipia viza ya London na bado nanyimwa?

Nianze na viza, kwa sababu hapo pana historia chungu. Zamani mlango ulikuwa wazi. Sheria ya uraia ya Uingereza ya 1948 iliwaruhusu watu wa Jumuiya kuingia na kuishi huko. Mwaka 1962 Bunge la Uingereza likaanza kuufunga. Machi 1968 likaubana zaidi kwa sheria iliyopitishwa mbiombio ndani ya siku chache, na waliolengwa hasa walikuwa Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza zile zile. Kwa hiyo usitafute uhuru wa kutembea kwenye Jumuiya ya Madola. Ukitaka jumuiya inayofungua mpaka, iko hapa nyumbani: unavuka Busia kwa kitambulisho chako tu.

Soko huru nalo halipo. Upendeleo wa ushuru wa enzi za himaya ulikufa Uingereza ilipojiunga na soko la Ulaya mwaka 1973. Maua na chai ya Kenya vinaingia Uingereza kwa mkataba wa nchi mbili uliosainiwa Desemba 2020. Jumuiya haihusiki.

Unachoweza kupata ni masomo. Mpango wa ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulikubaliwa mwaka 1959, na maprofesa wengi wa vyuo vyetu vikuu wamepitia humo. Ufadhili wa kwenda Uingereza hulipa ada, nauli na fedha za kujikimu, na unatakiwa kurudi nyumbani ukimaliza. Maombi hayalipiwi. Ukiona mtu anakutumia ujumbe wa WhatsApp akitaka "ada ya fomu", mfute. Upo pia ufadhili wa kusoma katika nchi nyingine wanachama zisizo tajiri, na ushindani wake huwa haupigiwi kelele kama ule wa Uingereza. Ningekuwa kijana ningeanzia huko.

Leicester, Uingereza: Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanzania. Rafiki yangu ananiambia naweza kupiga kura hapa. Ananitania?

Hakutanii. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye miaka 18 au zaidi, anaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata ya wabunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaruhusiwa. Mrundi na Mkongo hapana, hata wakikaa chumba kimoja nanyi. Cha ajabu, Mzimbabwe bado anaruhusiwa ingawa nchi yake ilijitoa mwaka 2003. Jiandikishe mapema kwenye halmashauri ya mji wako.

Dar es Salaam: Babu yangu husema Mwalimu Nyerere aliwahi kuitishia Jumuiya ya Madola na ikamsikia. Vijana wa leo tunaona ni klabu ya kunywa chai. Nani yuko sahihi?

Babu yako, na nitamjibia kwa kirefu, maana hili ndilo jibu ninalolipenda kuliko yote.

Machi 1961 Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Afrika Kusini ilikuwa imeamua kuwa jamhuri na ikaomba kubaki ndani ya Jumuiya, huku sera yake ya ubaguzi wa rangi ikizidi kukaza. Mawaziri wakuu wakiwa mkutanoni London, Nyerere alichapisha makala katika gazeti la Uingereza akisema wazi: mkiipokea Afrika Kusini, Tanganyika haitaingia. Hakuwa na jeshi, hakuwa na kiti mkutanoni, nchi yenyewe ilikuwa bado haijapeperusha bendera. Lakini hesabu ilieleweka. Nchi za Afrika zilikuwa zinakuja moja baada ya nyingine, na Jumuiya ingebaki na Makaburu peke yao. Siku chache baadaye, Machi 15, Afrika Kusini iliondoa ombi lake. Nyerere hakuwa peke yake, maana India, Malaya, Ghana na hata Kanada walikuwa wakali, lakini sauti yake ilitoka nje ya mlango na ikasikika ndani.

Novemba 1965 ikaja Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Walowezi wa Ian Smith walijitangazia uhuru, Uingereza ikasita kutumia nguvu, na Desemba Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na London. Gharama ilikuwa ya kweli: mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiwa, kwa nchi iliyokuwa inahesabu kila senti. Sasa angalia alichofanya Mwalimu. Alikata ubalozi, lakini hakujitoa kwenye Jumuiya. Aligombana na Mwingereza na akabaki kwenye meza ambayo Mwingereza alilazimika kuijia. Wapo walioona huo ni unafiki. Mimi naona ndiyo siasa yenyewe.

Meza hiyo ilileta faida kwenye mkutano wa wakuu wa Lusaka, Agosti 1979. Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa na miezi mitatu tu madarakani, na wengi walidhani angeitambua serikali ya Askofu Muzorewa kule Rhodesia, ambayo wapigania uhuru wa Zanu na Zapu hawakuwemo. Siku ya kuamkia mkutano Nigeria ikataifisha mali za kampuni ya mafuta ya BP nchini mwake, ujumbe ambao haukuhitaji mkalimani. Kaunda alikuwa mwenyeji, Nyerere na wenzake wakabanana vyumbani, na Katibu Mkuu Shridath Ramphal wa Guyana akawa anapita huku na huku. Thatcher akakubali mkutano wa katiba na pande zote, akacheza na dansi na Kaunda. Mkutano huo ulifanyika Lancaster House kuanzia Septemba hadi Desemba, na Aprili 18, 1980 Zimbabwe ikawa huru. Silaha za msituni ndizo zilizowachosha walowezi, hilo sitalificha. Lakini vita vinahitaji mahali pa kumalizikia, na mahali hapo palipatikana Lusaka.

Basi hata klabu ya kunywa chai inategemea nani amekaa kwenye kiti na amekuja na nini mfukoni. Wazee wale walikuja na tishio la kuondoka, na walikuwa tayari kulipa. Tangu Afrika Kusini iliporudi mwaka 1994 sijaona jambo lililowaunganisha viongozi wetu humo kwa kiasi kile.

(Wasomaji wa Uganda watanikumbusha upande mwingine wa mikutano hii: Milton Obote alikuwa bado nje ya nchi kwa safari ya mkutano wa Singapore, Januari 25, 1971, Idi Amin alipompindua. Tangu hapo marais wengi hulala kwa jicho moja wakiwa safarini.)

Bukavu: Rwanda haikutawaliwa na Waingereza, lakini ilipokelewa, tena ikapewa mkutano mwezi ule ule waasi wa M23 walipoiteka Bunagana kwetu Kongo. Hiyo Jumuiya ina haki gani ya kuzungumzia amani?

Ndugu yangu, nimeelewa uchungu wako, na sitakupamba kwa maneno.

Kuhusu kupokelewa: Msumbiji, koloni la Mreno, ndiyo ilitangulia mwaka 1995, kwa sababu ilikuwa imezungukwa na wanachama na imeumia kwa kuwasaidia. Rwanda ikafuata Novemba 2009, kisha Gabon na Togo mwaka 2022. Rwanda ilipoomba, taasisi ya haki za binadamu inayofuatilia nchi za Jumuiya ilishauri ikataliwe. Aliyeandika ripoti hiyo ni Profesa Yash Ghai, Mkenya yule yule aliyewahi kuongoza uandishi wa katiba ya nchi yake. Viongozi waliisoma, wakaiweka kando.

Kuhusu Bunagana: mji ulitekwa Juni 13, 2022, na wakuu wa nchi walikuwa Kigali hadi Juni 25. Rais Kagame akawa mwenyekiti wa Jumuiya mpaka mkutano wa Samoa, Oktoba 2024. Katika kipindi hicho ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilisema jeshi la Rwanda linawasaidia M23. Kigali imekuwa ikikana. Mapema 2025 Goma na kisha Bukavu kwenu zikatekwa. Jumuiya haikumsimamisha mtu.

Kwa nini? Chombo chake cha nidhamu ni kikundi cha mawaziri kilichoundwa mwaka 1995, na meno yake yamezoea kung'ata wanaopindua serikali zao wenyewe. Nigeria ya wanajeshi ilisimamishwa na wakuu wa nchi wenyewe Novemba 1995, siku moja baada ya mwandishi na mwanaharakati Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane kunyongwa. Pakistan na Fiji zimesimamishwa zaidi ya mara moja. Gabon nayo ilibanwa baada ya mapinduzi ya Agosti 2023. Lakini mwanachama anapolaumiwa kwa yanayotokea nje ya mipaka yake, kikundi hicho hunyamaza. Na Kongo si mwanachama, haina kiti cha kuinukia na kulalamika. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba katika vita vya Kivu, Jumuiya ya Madola haijafanya jambo ninaloweza kukuonyesha.

Kisumu: Hawa waangalizi wa uchaguzi wanaokuja na vizibao, 2017 walituambia mambo yako sawa, mahakama ikafuta uchaguzi. Wana faida gani?

Unasema kweli. Kura zilipigwa Agosti 8, 2017. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliongozwa na John Mahama wa Ghana, na pamoja nao walikuwepo wa Umoja wa Afrika, wa Ulaya na wa Marekani. Taarifa zao za awali zilisifu upigaji na uhesabuji wa kura vituoni. Septemba 1, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake, kwa wingi wa majaji wanne kwa wawili, wakafuta uchaguzi wa rais.

Tatizo lilikuwa kwenye namna ya kutazama. Mwangalizi husimama kituoni, anaona foleni, anaona sanduku, anaona karatasi zinahesabiwa mbele ya mawakala. Shida ya Kenya ilikuwa safari ya matokeo toka kituoni hadi Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura Nairobi, na kwenye seva ambazo tume ilikataa kuzifungua hata kwa amri ya mahakama. Kizibao hakiingii kwenye seva. Kosa lao kubwa lilikuwa kutoa sifa kabla safari hiyo haijaisha. Ripoti zao za mwisho, zinazotoka baada ya miezi, huwa na ukweli mwingi kuliko taarifa ya siku ya pili, ila wakati huo hakuna anayezisoma. Zisome. Mawakili wazuri huzisoma.

Voi: Kuna makaburi ya vita hapa yametunzwa vizuri sana, nyasi zimekatwa, mawe meupe. Naambiwa ni ya Jumuiya ya Madola. Mbona babu zetu wapagazi hawamo?

Tume inayotunza makaburi hayo inabeba jina la Jumuiya, lakini ni chombo kingine. Iliundwa mwaka 1917 kwa jina la himaya, na inalipiwa na serikali sita: Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini.

Kuhusu wapagazi umegusa kidonda. Katika vita vya kwanza vya dunia, kwenye mapambano na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, waliobeba mizigo ya Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, njaa na uchovu kuliko risasi. Askari mzungu alipata jiwe na jina. Mpagazi aliachwa njiani. Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulihusika. Ikaomba radhi. Kama ukoo wenu una jina la babu na kijiji alichochukuliwa, andikeni mpeleke, kwa sababu orodha nyingi za wapagazi hazikutunzwa na kumbukumbu za koo ndizo zilizobaki.

Mombasa: Je, Jumuiya inaweza kumlazimisha Mwingereza alipe fidia ya ukoloni na utumwa?

Kumlazimisha, haiwezi. Haina mahakama wala kura ya turufu, na mambo yake hukatwa kwa maafikiano. Kule Samoa, Oktoba 2024, nchi za Karibi zilipambana mpaka tamko la mwisho likataja haja ya mazungumzo ya kweli kuhusu haki ya kurekebisha madhara ya biashara ya watumwa. Uingereza haikutaka hata neno hilo liwemo. Ni hatua, ila ni ya karatasi.

Linganisha na wazee wa Mau Mau. Wao walikwenda mahakama kuu ya London, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 alilaani ukatili uliofanywa, akaonyesha majuto, lakini neno la kuomba radhi hakulitamka. Mwenye kesi yenye ushahidi asisubiri mkutano wa wakuu.

Arusha: Tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, SADC, Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Hii ya nini tena? Tujitoe tuokoe fedha.

Gambia ilijitoa mwaka 2013 ikisema ni ukoloni mamboleo; ikarudi 2018, baada ya Rais Jammeh kuondoka. Maldivi ilijitoa 2016, ikarudi 2020. Zimbabwe imeomba kurudi tangu 2018. Wanaotoka hurudi, na si kwa mapenzi ya mfalme.

Jibu la haki ni kwamba faida hazilingani. Nchi 33 kati ya 56 huhesabiwa kuwa ndogo, nyingine ni visiwa kama Tuvalu na Nauru. Kwao Jumuiya ni ofisi ya pamoja New York na Geneva ambayo wasingeimudu peke yao, ni wanasheria wa kuwasaidia kuchora mipaka ya bahari, ni programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za madeni ya taifa. Kwa Tanzania au Kenya, yenye balozi zake kila mahali, hayo ni ya ziada. Tunachokipata sisi ni mahali ambapo waziri wetu anakaa na wa India, Kanada na Nigeria bila Marekani wala China kuwa chumbani, na lugha ya sheria ni ile ile. Machi 2024 mawaziri wa sheria wa Jumuiya walikutana Zanzibar. Niliuliza watu kadhaa Unguja kilichojadiliwa. Walijua hoteli ipi ilijaa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kabla ya kuuliza kama tujitoe, bunge letu liulize mawaziri wanapoondoka wanabeba hoja gani, na wanaporudi wamepata nini. Sijaona ripoti hiyo ikisomwa bungeni.

Nakuru: Mwisho, tuache siasa. Michezo ya Jumuiya ya Madola imekufa? Na kwa nini Afrika haijawahi kuiandaa?

Haijakufa, imekonda. Jimbo la Victoria, Australia, lilijiondoa kuandaa ya 2026 mnamo Julai 2023 likidai gharama zimepanda, na Glasgow ikaiokoa. Imepangwa Julai 23 hadi Agosti 2, 2026, na aina za michezo zimepunguzwa hadi 10. Riadha, ndondi na kuogelea zimo. Raga ya wachezaji saba na hoki hazimo, kwa hiyo mashabiki wa Shujaa, timu ya raga ya Kenya, mtakaa bure.

Afrika ilikaribia mara moja. Durban ilipewa ya 2022, ikashindwa kutimiza masharti ya fedha, na Machi 2017 ikanyang'anywa; ndipo Birmingham ikachukua. Abuja nayo iliwahi kuomba ya 2014 ikashindwa na Glasgow.

Mwaka 1986, kule Edinburgh, nchi 32 zilisusia kwa sababu Thatcher alikataa kuiwekea vikwazo Afrika Kusini, na Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa miongoni mwao. Wanariadha wetu walipoteza medali ambazo hawakulipwa na mtu. Kama wewe ni kijana na hujawahi kuitazama, tafuta picha za mbio za mita 1500 za Christchurch, 1974. Filbert Bayi wa Tanzania anaongoza toka mlio wa bastola, hamsubiri mtu, John Walker wa New Zealand anamfukuza mpaka mwisho na hampati. Dakika 3, sekunde 32.2, rekodi ya dunia.